Kuchagua kitambaa cha draisuti: niliyoyaona kwenye maji ya baridi

Nilijifunza kuzamia Pemba nikiwa na wetisuti (vazi la mpira linaloruhusu maji kidogo kuingia) ya milimita 3, kwenye maji ya nyuzijoto 28. Kisha kazi ikanileta Leicester, Uingereza. Mwezi wa Februari wenzangu wa klabu wakanichukua hadi Stoney Cove, machimbo ya mawe ya zamani ambayo sasa yamejaa maji, na kipimajoto cha mkononi kikasoma 5. Kwenye baridi hiyo wetisuti yangu haikunifaa hata kidogo. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kwa kasi kuliko hewa. Kinachohitajika ni draisuti, vazi linalokuacha mkavu kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu.

Wenzetu walioko Ulaya wanaotaka kuanza huniuliza swali lilelile kuhusu kitambaa cha draisuti: neoprini au trilaminati? Jibu langu nalitoa mapema. Ukiwa mtu wa kushuka kupita mita 15, au wa kusafiri na vifaa vyako, chukua trilaminati nzuri, na utenge pesa ya nguo za joto za kuvaa ndani yake. Mimi nilianzia upande wa pili, na nilijifunza kwa kuumia.

Draisuti yangu ya kwanza ilikuwa ya neoprini ya milimita 7, ya mtumba. Neoprini ni mpira uliojaa vipovu vidogo vidogo vya gesi, na vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia baridi. Inanyumbulika, inaushika mwili vizuri, na kwenye kina cha mita 6 pale Stoney Cove nilikuwa na joto safi nikiwa na fulana na suruali nyepesi tu ndani. Niliipenda sana.

Miezi michache baadaye tukaenda Scapa Flow, kwenye visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Chini ya maji yale zimelala manowari za Ujerumani zilizozamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 21 Juni 1919. Tulishuka kuitazama mojawapo, Cöln, ambayo imelala ubavu kwenye kina cha mita 30 na kitu. Kwenye mita 30 mgandamizo ni mara 4 ya ule wa juu ya maji. Vipovu vya neoprini vinabanwa, kitambaa kinakuwa chembamba, na kinga yako inapungua palepale unapoihitaji zaidi. Nilianza kuhisi baridi kiunoni, ikapanda mabegani, mpaka vidole vikawa vizito kubonyeza vali ya kuingizia hewa ndani ya suti. Pia lile vazi lililokuwa likinielea juu, hata nikalazimika kujifunga kilo 16 za madini ya risasi ili nizame, huku chini likaacha kuelea, na nikawa naongeza hewa kila mara ili nisizame kama jiwe. Wakati wa kupanda mambo yakageuka: vipovu vikatanuka tena, ikabidi nitoe hewa upesi nisije nikapaa. Mtu mwenye uzoefu anayamudu haya yote. Anayeanza, akiwa na baridi na mawazo kidogo, anaweza kupata ajali.

Mashuani upepo ulikuwa mkali, na neoprini hushika maji upande wa nje, kwa hiyo nilizidi kupoa hata baada ya kutoka majini. Asubuhi ya pili nikalivaa bado limelowa na lina uzito kama gunia.

Trilaminati ni kitu kingine kabisa. Ni tabaka 3 zilizobandikwa pamoja: nje nailoni au poliesta, katikati mpira wa butili, ndani poliesta. Butili ni mpira uleule unaotengenezewa tyubu za baiskeli. Kitambaa chenyewe hakikupi joto lolote, na hapa ndipo wengi hukosea: wananunua suti ya bei, wanavaa fulana ya kawaida ndani, wanatetemeka, halafu wanailaumu suti. Joto linatoka kwenye nguo za ndani. Majira ya baridi navaa ovaroli nene ya kuzamia juu ya fulana ya sufu, kiangazi naiacha ile ovaroli, na suti inabaki ileile. Kitambaa hakibadiliki kwa kina, iwe mita 5 au 35. Hewa ya ndani tu ndiyo unayoirekebisha. Nikiigeuza nje-ndani na kuitundika bafuni, asubuhi imekauka.

Ina upungufu wake. Hainyumbuliki, kwa hiyo hushonwa pana, na upana huo hukupunguzia mwendo unapoogelea. Ukichelewa kuongeza hewa wakati wa kushuka, mikunjo inabana ngozi na kuacha alama nyekundu. Lingine la kufikiria kwa makini: trilaminati ikipasuka na kujaa maji, imekwisha, huna kinga yoyote zaidi ya nguo zilizolowa. Neoprini ikipasuka bado inakuhifadhi kiasi. Kwa anayezamia kina kifupi karibu na nyumbani, na asiye na haraka ya kukausha, siwezi kumkataza neoprini.

Iko pia neoprini iliyogandamizwa kiwandani, vipovu vikiwa vimeshapondwa kabla haijashonwa. Hiyo haibadiliki sana kwa kina na ni imara mno dhidi ya vyuma vyenye kutu. Ni nzito na bei yake inauma, lakini anayeingia kwenye meli zilizozama kila wikendi ataona faida yake. Zile za mpira mtupu ni za wanaofanya kazi kwenye maji machafu, kwa sababu husafishika kwa urahisi.

Kabla ya kulipa, usiitazame suti kwa macho tu. Ivae dukani pamoja na nguo zote za ndani utakazotumia. Chuchumaa mpaka chini. Kumbatia mabega yako mwenyewe. Kisha peleka mkono nyuma ya shingo kana kwamba unaifikia vali ya mtungi wa hewa. Ukishindwa hapo, majini huifikii. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba suti iliyonibana kwapani "italegea", na trilaminati haitanuki. Niliirudisha rafuni. Afadhali kitambaa cha kawaida kinachokutosha kuliko cha daraja la juu kinachokubana.

Uangalie pia mipira ya shingoni na mikononi. Lateksi ni laini na inaziba vizuri, ila jua na mafuta huiharibu, nayo itahitaji kubadilishwa. Silikoni yenye pete unaibadilisha mwenyewe palepale ufukweni. Zipu usiikunje hata siku moja. Ni ghali kuliko unavyodhani.

Maji yakianza kuingia, usikimbilie kununua nyingine. Yangu ilianza kunilowesha mguu wa kulia mwaka wake wa tatu. Niliziba mikono kwa chupa na shingo kwa mpira wa miguu wa mtoto, nikajaza hewa mpaka ikasimama kama mtu katikati ya sebule, nikapaka maji ya sabuni kwa brashi, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Gotini pakachomoza povu moja dogo, likakua, likapasuka, likachomoza jingine. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko ncha ya sindano. Nikaweka alama kwa kalamu, nikaiosha, nikaikausha, nikaipaka gundi ya poliyurithani upande wa ndani na kuiacha siku nzima. Jumapili nilikaa dakika 40 chini ya maji ya Stoney Cove, na soksi zangu zikatoka kavu.