Uchague karate ipi? Anza kwa kupima umbali

Mtu akishajua kwamba nimefanya karate zaidi ya miaka ishirini, swali lake la kwanza huwa lile lile: mtindo upi ni bora? Wakongwe wengine humjibu kwa methali, mchagua jembe si mkulima, aingie dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, wowote ulio karibu aanze kutoa jasho. Kwa mtu anayeahirisha mwaka wa tatu sasa, hilo ni jibu zuri. Lakini mkulima anajua pia kwamba jembe la shamba la mawe silo la shamba la kichanga. Mimi niliingia bila kuuliza chochote, na goti langu la kulia hunikumbusha kila ninaposhuka ngazi.

Kipimo nilichokuja kukipata baadaye sana ni umbali. Kila mtindo wa karate una umbali wake, yaani pale kati yako na mwenzako ambapo kazi inaanzia. Ukishaujua, utaelewa kwa nini watu wa mtindo huo wanasimama hivyo na kupumua hivyo, na hata kwa nini wanaumia pale wanapoumia.

Nilianzia Shotokan kwa sababu ndiyo niliyoikuta. Ni mtindo wa Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, aliyeonyesha karate mjini Tokyo mwaka 1922 akabaki huko kufundisha. Umbali wake ni mrefu. Mnasimama mahali ambapo yeye hakufikii wala wewe humfikii, kisha unalimaliza pengo lote kwa hatua moja na ngumi moja. Ndiyo maana mikao yake ni mirefu na ya chini: mguu wa nyuma ni kama upinde uliovutwa, na nyonga ndizo zinazouachia. Ukimwona mtu aliyeiva katika Shotokan akiingia na gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, huoni ngumi ikianza, unaona imeshafika. Naupenda mtindo huu mpaka leo. Ulinifundisha kuamua, kwa sababu kutoka mbali namna ile huwezi kwenda nusu.

Sasa goti. Mkao wa zenkutsu-dachi, ule mrefu wenye goti la mbele lililokunjwa, unataka goti la mbele lielekee kule kule viliko vidole vya mguu. Ni jambo dogo, na hakuna aliyenionyesha. Darasa letu lilikuwa na watu zaidi ya arobaini, sensei, yaani mwalimu, akipita kati ya mistari akisema "chini, chini zaidi", nasi tukishuka. Nilikuwa nageuza kiwiliwili huku unyayo umeng'ang'ania sakafu na goti likiangukia ndani, mara mia mbili kwa jioni moja. Maumivu yalianza kama joto upande wa ndani wa goti. Nilipomweleza sensei, akasema maumivu ni sehemu ya njia, nami nikamwamini kwa miaka miwili. Baadaye niliziona picha za Funakoshi mwenyewe: anasimama juu kuliko tulivyokuwa tukilazimishwa. Mikao ile ya chini sana anayetajwa zaidi kuisukuma ni mwanawe, Yoshitaka. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kushuka mpaka uumie ndiyo asili. Kama magoti yako yana historia, Shotokan bado inakufaa, mradi mwalimu awe anatazama magoti ya watu.

Nilipopata nafuu nilijaribu Goju-ryu, na jioni ile ya kwanza sijaisahau. Nilipangwa na mama mmoja wa makamo, mfupi, kichwa chake kikinifika begani. Zoezi lilikuwa kakie: mnasimama mguu kwa mguu, vifundo vya mikono yenu vimegusana, mnasukumana na kuvutana polepole kwenye duara. Mimi, kwa mazoea yangu, nilitaka kurudi nyuma nipate nafasi ya kupiga. Kila nilipovuta mguu, mkono wake ulikuja nao, haukubandukana na wangu hata kidogo. Safari ya tatu alikuwa ameshashika mkono wa gi yangu, yaani vazi la mazoezi, mguu wake uko nyuma ya kisigino changu, na kiganja chake kimetulia chini ya kidevu changu. Hakusukuma. Alisubiri nielewe. Ufundi wote niliokuwa nao ulikuwa wa hatua mbili nyuma, na hatua mbili hizo sikuwa nazo tena.

Huo ndio umbali wa Goju: kifua kwa kifua, mkono umeshashikwa. Asili yake ni Naha, mji wa bandari wa Okinawa. Kanryo Higaonna alitoka pale akavuka bahari kwenda Fuzhou, China, akajifunza huko, na mwanafunzi wake Chojun Miyagi, aliyezaliwa mwaka 1888, ndiye aliyeuita mtindo huo Goju, maana yake ugumu na ulaini. Kata ya msingi, yaani mfuatano uliopangwa wa mapigo na mikao unaofanya peke yako, ni Sanchin. Hatua zake ni fupi, vidole vya miguu vimeelekea ndani kidogo, makalio yamebanwa, na pumzi inatoka tumboni kwa sauti. Mwalimu anazunguka akikupiga kwa viganja mabegani na mapajani kuona kama umeshikamana. Mtazamaji anadhani hakuna kinachotendeka, ila ukiifanya vizuri dakika tatu, gi inalowa. Pumzi hiyo ya kukaza si ya kuchezea: mwenye shinikizo la damu aonane na daktari kwanza, na asikubali kubana pumzi kooni. Wafupi, wanene, wenye umri uliosogea, na wanaoogopa zaidi kushikwa kuliko kupigwa kutoka mbali, mara nyingi nimewaona wakitulia hapa.

Wado-ryu na Shito-ryu nimezifanya kidogo, kwa semina na kwa kutembelea, kwa hiyo nasema nilichokiona tu. Hironori Ohtsuka, mwasisi wa Wado, alikuwa mtu wa jujutsu, mapigano ya Kijapani ya kushikana na kuangushana, kabla ya kuwa mwanafunzi wa Funakoshi, na inaonekana. Badala ya kuizuia ngumi kwa nguvu, Wado inakufundisha kusogea kidogo tu, ngumi ipite karibu na sikio, wakati huo huo wewe umeshaingia. Mikao ni mifupi, ya kawaida, kama mtu anayetembea. Kwa goti langu ingekuwa dawa. Shito-ryu ni ya Kenwa Mabuni, aliyesoma kwa walimu wakubwa wa pande mbili, Anko Itosu wa Shuri, mji wa Okinawa ulikotoka mzizi wa Shotokan, na Higaonna wa Naha, akalitunga jina la mtindo kutoka herufi za majina yao. Basi ina umbali wa aina zote mbili, mrefu na mfupi, na kata nyingi mno, zinazidi hamsini. Anayependa kata kwa moyo wote aende huko.

Kyokushin inahitaji mazungumzo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo inayovutia vijana na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Masutatsu Oyama alizaliwa Korea mwaka 1923, akapitia Shotokan na Goju kabla ya kujenga njia yake, na shirika lake la kimataifa likaanza mwaka 1964. Huko mnapigana kweli: ngumi tupu kifuani na tumboni, mateke mapajani, mateke kichwani. Nilifanya nao mazoezi miezi minane. Wiki ya pili nilishuka ngazi kinyumenyume nimeshika ukuta, kwa sababu paja la kushoto halikubali kukunjika. Lakini nilipata kitu ambacho miaka yangu ya kusimamisha ngumi sentimita moja kabla ya kugusa haikunipa: nilijua mwili wangu unafanyaje ukipigwa. Kabla ya hapo nilikuwa nakisia.

Ila kuna jambo ambalo watu wa Kyokushin wenyewe wanalijua na mgeni hawezi kuliona mpaka aoneshwe. Kanuni zao za mashindano haziruhusu ngumi usoni. Matokeo yake mnasimama karibu sana, paji kwa paji karibu, mkitwangana mbavu, na mikono inaanza kushuka. Siku moja nilipigana zoezi na rafiki wa huko, tukakubaliana ngumi za usoni ziruhusiwe kwa mguso mwepesi. Mtu aliyekuwa ananivunjavunja kila wiki alishangaa kugundua uso wake uko wazi. Nami nilishangaa jinsi nilivyoshindwa kumzuia alipokwisha kunifikia. Kila mmoja alikuwa amefundishwa na kanuni zake, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kanuni za pambano zinaumba umbali kuliko hata jina lililoandikwa mlangoni.

Ndiyo maana, ukitembelea dojo, usiulize mtindo tu. Uliza wanashindana kwa kanuni zipi. Dojo nyingi za Shotokan, Goju, Shito na Wado hufuata kanuni za shirikisho la dunia, WKF: ngumi ina alama 1, teke la kiwiliwili 2, teke la kichwa 3, na 3 pia kwa kumwangusha mwenzako na kummalizia kwa pigo lililodhibitiwa. Wachezaji wa kanuni hizo huruka-ruka mbali, wakaingia kama cheche na kutoka. Ukikaa kwenye dojo ya mashindano kwa miaka mitatu, iwe ya Goju au ya Wado, miguu yako itakuwa ya WKF. Ni mchezo mzuri na mgumu, mimi siudharau. Mzazi anayeota Olimpiki kwa ajili ya mwanawe ajue tu kwamba karate iliingia Tokyo 2020, michezo iliyofanyika mwaka 2021, ambapo Ryo Kiyuna wa Okinawa alichukua dhahabu ya kata, na Paris 2024 haikuwemo.

Jambo linalowazuia wengi kuhama ni mkanda. Nilipoingia Goju nilikuwa na mkanda mweusi wa Shotokan, na nilivaa mweupe bila kuambiwa. Kwangu ulikuwa wepesi mkubwa, kwa sababu mtu wa mkanda mweupe anasahihishwa na kila mtu, na ndicho nilichokifuata. Ukihamia mtindo wa jirani hutaanza patupu pia. Kata ulizozijua kama Heian utazikuta zikiitwa Pinan, na uangalie: Heian Shodan ya Shotokan ndiyo Pinan Nidan kwingine, kwani Funakoshi alibadilishana nafasi za mbili za kwanza. Nimeona mtu wa mkanda wa kahawia akianza kata isiyo yake mbele ya watahini kwa sababu hakuna aliyemtahadharisha.

Basi fanya hivi. Tembelea dojo mbili au tatu, kila moja mara mbili, siku tofauti, ukiwa umekaa pembeni tu. Usiwatazame walio bora. Watazame waliopangwa wawili wawili, uone wanasimama umbali gani wanapoanza na nini kinatokea wakishagusana: wanaachana, wanashikana, au wanaendelea kupigana? Kisha jiulize ni wapi wewe huishiwa pumzi kwa hofu. Kama ni mbali, unapomwona mtu anakujia mbio, chukua mtindo utakaokuweka hapo kila jioni. Kama ni karibu, unaposhikwa shati, chukua ule wa karibu. Ukiahidiwa mkanda mweusi kwa tarehe maalumu, shukuru na uondoke.

Kabla hujaondoka, mtafute mwanafunzi wa mkanda wa kati, si sensei, umuulize watu huumia wapi hapa na nini hufuata wakiumia. Nilimuuliza dada mmoja wa mkanda wa kijani swali hilo siku niliyokwenda kuitazama ile dojo ya Goju. Alifikiri, akanionyesha kidole gumba alichotegua mwaka mmoja nyuma. "Nilisema inauma," akaniambia, "sensei akasimamisha darasa zima, akatuonyesha wote nilivyokuwa nimekunja ngumi vibaya." Jioni ile ile nilijiandikisha.