Kupata michanganyiko isiyojirudia katika SQL: mambo ya kujua kabla hujaamini jibu

SQL ni lugha ya kuuliza hifadhidata maswali. Tuseme una jedwali linaloitwa mizigo, lenye kolamu za id, mji, mtaa, tarehe na uzito, na umeombwa orodha ya sehemu zote mnakopeleka mizigo. Ukiandika SELECT DISTINCT mtaa FROM mizigo, Majengo itatokea mara moja tu, ilhali kuna Majengo ya Dodoma, ya Moshi, ya Mombasa na ya Nairobi. Jina la mtaa peke yake haliitambulishi sehemu. Kinachoitambulisha ni mji na mtaa kwa pamoja:

SELECT DISTINCT mji, mtaa
FROM mizigo
ORDER BY mji, mtaa;

DISTINCT hutazama mstari mzima wa jibu. Mistari miwili huunganishwa kuwa mmoja pale tu thamani za kolamu zote ulizotaja baada ya SELECT zinapolingana. Ndiyo maana ukiongeza tarehe ili ionekane tu, orodha hurefuka ghafla na Majengo ya Moshi inajaza ukurasa: sasa unatafuta michanganyiko ya mji, mtaa na tarehe. Mabano nayo hayakuokoi. SELECT DISTINCT(mji), mtaa hutoa jibu lilelile la mwanzo, kwa sababu mabano hayo yamelizunguka jina la kolamu tu.

Kabla ya kuandika chochote, muulize aliyekupa kazi anataka nini hasa. Anataka kila mchanganyiko uorodheshwe mara moja, au anataka ile iliyotokea mara moja tu katika data yote? Ni maswali mawili tofauti, na la pili DISTINCT haiwezi kulijibu. Hapo tumia GROUP BY, inayokusanya mistari yenye thamani sawa katika kundi moja, pamoja na HAVING, inayochuja makundi hayo:

SELECT mji, mtaa, COUNT(*) AS idadi, MAX(tarehe) AS ya_mwisho
FROM mizigo
GROUP BY mji, mtaa
HAVING COUNT(*) = 1;

Badili = 1 iwe > 1 nawe utapata michanganyiko iliyojirudia. Ukiondoa HAVING kabisa, una orodha kamili pamoja na hesabu zake. Binafsi napendelea kuanza na GROUP BY hata pale DISTINCT ingetosha, maana idadi iliyo pembeni ya kila mchanganyiko hufichua uchafu mapema. Utaona Majengo 412, majengo 9, na Majengo nyingine 3 yenye nafasi tupu mwishoni. PostgreSQL, mojawapo ya mifumo ya hifadhidata, huzichukua hizo kuwa thamani 3 tofauti. MySQL 8.0, kwa mpangilio wake wa kawaida, haijali herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo hoja (query) ileile ikihamishwa huko inaweza kutoa idadi nyingine. Safisha kwa UPPER(TRIM(mtaa)), na uiandike hivyo katika SELECT na katika GROUP BY pia.

Kuhesabu michanganyiko ndiko kunakotofautiana zaidi kati ya mfumo na mfumo. MySQL inakubali COUNT(DISTINCT mji, mtaa). PostgreSQL inataka mabano ya ziada: COUNT(DISTINCT (mji, mtaa)). SQL Server na SQLite zinakataa kolamu mbili humo. Njia hii inakubalika katika mifumo yote hii minne:

SELECT COUNT(*)
FROM (SELECT DISTINCT mji, mtaa FROM mizigo) AS m;

Usishangae ukiilinganisha na ile ya MySQL na hesabu zikapishana. COUNT(DISTINCT mji, mtaa) ya MySQL huruka kila mstari ambao mji au mtaa wake ni NULL (yaani hauna thamani), lakini SELECT DISTINCT huzichukua NULL kuwa sawa na kuuacha mchanganyiko huo mara moja kwenye orodha. Wengine hukwepa tatizo la kolamu mbili kwa kuziunganisha kuwa neno moja kwa CONCAT. Hapo kuna mtego, kwa mfano kwa kolamu za tawi na mteja: tawi 1 na mteja 23 huwa 123, na tawi 12 na mteja 3 huwa 123 vilevile.

Hatari kubwa zaidi ni kutumia DISTINCT kuficha kosa la JOIN, yaani amri ya kuunganisha majedwali. Ukiunganisha mizigo na jedwali la malipo, mzigo wa kilo 40 uliolipiwa kwa awamu 2 unatokea mara mbili, na SUM(uzito) inasema 80. Kuweka DISTINCT baada ya SELECT hakurekebishi kitu, kwa kuwa jumla imeshapigwa kabla DISTINCT haijafanya kazi. SUM(DISTINCT uzito) ni mbaya zaidi: mizigo miwili tofauti, kila mmoja kilo 40, inahesabiwa kuwa kilo 40 tu. Dawa ni kujumlisha malipo kwanza, yabaki mstari mmoja kwa kila mzigo, ndipo uunganishe:

SELECT m.mji, m.mtaa, SUM(m.uzito) AS kilo, SUM(p.jumla) AS malipo
FROM mizigo m
LEFT JOIN (SELECT mzigo_id, SUM(kiasi) AS jumla
           FROM malipo GROUP BY mzigo_id) p
  ON p.mzigo_id = m.id
GROUP BY m.mji, m.mtaa;

Ukiona DISTINCT katika hoja yenye JOIN kadhaa, iondoe kwa muda na uhesabu mistari. Ikiongezeka, tafuta ni JOIN ipi inayozidisha.

Ukishajua mchanganyiko upi haupaswi kujirudia, kwa mfano katika jedwali la vituo, iagize hifadhidata yenyewe ilinde:

ALTER TABLE vituo ADD CONSTRAINT vituo_mji_mtaa UNIQUE (mji, mtaa);

Amri hii itakataliwa ikiwa nakala tayari zimo, kwa hiyo zitafute kwanza kwa HAVING COUNT(*) > 1. Halafu angalia NULL tena, maana hapa sheria inageuka: katika PostgreSQL na MySQL, vituo viwili vya Dodoma visivyo na mtaa vitapita bila kuzuiwa. PostgreSQL kuanzia toleo la 15 ina UNIQUE NULLS NOT DISTINCT kwa ajili hiyo. Kwingineko, weka NOT NULL kwenye kolamu zote mbili.