"Ziwa Si Bahari," Asema Mume Wangu

SWALI: Mjomba, shikamoo. Likizo hii tunawapeleka watoto ziwani kwa mara ya kwanza. Wana miaka 4, 7 na 11. Baba yao amenunua tyubu mbili kubwa na mpira wa kuchezea majini. Nilipotaja jaketi okozi alicheka, akasema ziwa si bahari, halina papa wala chumvi, na maji ya pale yametulia kama ya kwenye beseni. Mimi sijui kuogelea. Je, naogopa bure?
Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huogopi bure. Mwambie mkwe wangu kwamba tarehe 10 Novemba 1975, meli Edmund Fitzgerald, yenye urefu wa mita 222, ilizama kwa dhoruba katika Ziwa Superior, huko Amerika Kaskazini, na mabaharia wake wote 29. Na hiyo chumvi anayofurahia kuikosa ndiyo humsaidia mtu kuelea.

Ila mimi kinachonitisha ni huo utulivu. Upepo ukitoka nchi kavu kwenda ziwani, maji ya ukingoni hulala tuli kwa kuwa yamekingwa na miti. Mbele kidogo hakuna kinga. Mpwa wangu wa miaka minane alikuwa juu ya tyubu, ananipungia mkono huku anacheka. Nikampungia. Nikainama kumfunga mdogo wake kamba za viatu, na nilipoinua macho kichwa chake kilishakuwa kidogo kama ngumi. Nikajitosa. Kila nikipiga mikono, tyubu inazidi kwenda; kitu chepesi kilichojaa hewa kikishapata upepo, hukiwezi. Mwenye boti aliyekuwa akirudi ufukweni ndiye aliyemnyakua mtoto, kisha akanirushia kamba mimi niliyejiita muogeleaji.

Kwa hiyo mkifika, chota mchanga mkavu, uachie taratibu. Ukipeperukia majini, tyubu zibaki garini. Waulizeni wenyeji chini panashuka ghafla wapi, maana hatua moja tu yaweza kumtoa mtoto kwenye maji ya kiuno hadi yasiyo na mwisho.

Jaketi zivaliwe, na ziwatoshe. Mfunge mtoto, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likimpanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Hata akilivaa, huyo wa miaka 4 asiwe mbali kuliko urefu wa mkono wako. Usingojee kelele: anayezama mara nyingi hana pumzi ya kuita, na mikono yake inasukuma maji chini badala ya kupunga. Mtu mzima mmoja awe zamu, simu mfukoni, apokewe kabla hajachoka. (Wakubwa wakiwa sita ndipo hatari inapozidi, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia.)

Radi ikisikika, wote nje, hadi zipite dakika 30 bila ngurumo nyingine.

Wewe usiyejua kuogelea, usimfuate mtu majini. Weka karibu kamba na dumu tupu lililofungwa kifuniko. Mrushie, ashike, umvute huku umelala chini usije ukavutwa wewe.

Na huo mpira ukichukuliwa na maji, uacheni uende. Nitawanunulia mwingine.