Ng'ombe za mahari ya dani, nyanya yangu, ndizo zilimsomesha kaka yake

Mhariri, wiki hii mmeuliza wazee wa kwetu walisomaje wakiwa wadogo na ni nani aliachwa nje. Mimi niko Kisumu, na naona watu wengi wameshajibu ati "mkoloni alitunyima shule," ambayo ni kweli, lakini hiyo ni nusu tu ya story.

Mwaka wa 1942 serikali ya mkoloni ilisema shule ni lazima Kenya. Lazima kwa nani sasa? Kwa watoto wote wa wazungu, miaka 7 hadi 15, na kwa wavulana wa Kihindi wanaoishi Nairobi, Mombasa na hapa hapa Kisumu. Wavulana, soma tena. Dada zao wanaolala nyumba moja nao sheria haikuwataja, baba akitaka atawapeleka, asipotaka basi. Na Mwafrika hakuwa popote kwa hiyo sheria, awe kijana awe msichana, yeye alibaki na misheni na karo yake.

Sasa nije kwetu. Dani, mama ya mama yangu, alizaliwa wakati huo huo. Ukimuuliza kama alisoma anacheka anasema alifika darasa la pili, mahali wanafunzi wa kwanza walikuwa wanaandika kwa mchanga na kidole na wakubwa ndio wanapewa sileti, kile kibao cha kuandikia, na sileti enyewe yeye hakuwahi kuifikia kwa sababu mdogo wake aliugua, dani akatolewa shule amlee. Kakake aliendelea. Akapita ule mtihani wa darasa la nne uliokuwa unachuja watoto kama chai, maana baada ya ile ripoti ya Beecher ya 1949 juu ya elimu ya Waafrika ukianguka hapo ndio mwisho wako, akafika la nane akafanya KAPE, mtihani wa Waafrika wa darasa hilo, akawa mwalimu. Babu huyo tunamheshimu sana na pensheni anakula mpaka leo. Lakini karo ilitoka wapi? Dani aliolewa akiwa bado msichana mdogo, ng'ombe zikaja, zikauzwa moja moja kila karo ikidaiwa. Hii si siri kwetu, babu mwenyewe huisema kwa matanga akishashiba, na huisema kama sifa ya dani. Dani hunyamaza akiendelea kupepeta mchele.

Ndio maana sikubali mtu akiniambia shida ilikuwa rangi peke yake. Rangi ilikuwa ukuta mkubwa, sawa, na mzungu ndiye aliyeujenga. Lakini uhuru ulikuja 1963, tume ya Ominde ya elimu ikakaa, shule za rangi rangi zikaunganishwa, na msichana bado alikuwa anatolewa darasani kwanza. Mwaka wa 1974 karo ya darasa la kwanza mpaka la nne iliondolewa, watoto wakajaa hadi chini ya miti, halafu shule zikaanza kuitisha pesa za ujenzi. Kwa kina mama yangu pesa zilitosha mmoja. Mnajua ni nani alibaki shule na ni nani alirudi kuteka maji, sitaki kuwamalizia.

Kitu chenye kiliniuma zaidi ni cha juzi tu. Dani alianza kusahau sahau, tukampeleka kliniki fulani apimwe kumbukumbu. Kijana wa watu, mpole kabisa, akampa kalamu na karatasi, akamwambia mama chora saa, weka mikono ionyeshe saa tano na dakika kumi. Dani akageuza kalamu akaiangalia, akauliza saa ya nini na jua analiona dirishani. Halafu akaambiwa atoe saba kwa mia, aendelee kutoa. Akakataa. Matokeo yakatoka chini. Na huyu ni mama ameuza omena, yaani dagaa, soko la Kibuye hapa Kisumu miaka na miaka, umwambie gorogoro (mkebe wa kupimia) tatu na nusu, umpe noti ya elfu, anakurudishia chenji kabla hujafungua mfuko, na anajua nani ana deni lake tangu kitambo. Kakake aliyemzidi umri angeichora hiyo saa vizuri sana. Kwa hivyo hapo walikuwa wanapima akili ama walikuwa wanapima ile shule alitolewa? Nilimuuliza yule kijana, akasema ni kweli kuna vipimo vingine vya watu ambao hawakusoma, lakini siku hiyo hakuwa navyo. Tumepewa siku ya kurudi.

Ombi langu mhariri, mkikusanya haya majibu msiwapigie simu wajomba peke yao. Mjomba ukimuuliza habari za shule atakupea mpaka saizi ya fimbo ya mwalimu na wimbo wa asubuhi, na utachapisha kurasa mbili. Shangazi atakwambia "mimi sikusoma" na simu inakatika. Mpigieni tena.