Serveri virtuali bila kukamatwa na muuzaji mumoja
Ndugu, kama munataka kupitisha serveri za kampuni kwenye mashini virtuali (kompyuta za programu, nyingi ndani ya serveri moja) na hamutaki muuzaji mumoja abakamate ku shingo, muangalie Proxmox ao XCP-ng, zenye zinaendesha mashini hizo, zote ni programu huria, msaada unalipa kama unataka tu. Muliona VMware, yenye inauza programu ya kazi hiyo hiyo, kampuni Broadcom ilimaliza kuinunua mwezi wa 11 mwaka 2023, mwezi wenye ulifuata bakaacha kuuza lisensi za kudumu, sasa ni abonema tu, na benye balikuwa na vyote ndani bakabakia kuhesabu makuta.

Lakini programu huria peke yake haitoshi, angalieni bakapu, kama zinafunguka tu na programu ya muuzaji ule ule basi hamujatoka bado. Kwa Proxmox, diski ya vmdk (faili ya diski ya VMware) unaigeuza qcow2 (aina ya faili yenye Proxmox inatumia) na programu qemu-img, haiko kazi ya kuogopa, ila kwa Windows weka draiva za virtio (zenye zinasaidia Windows kuona diski ya mashini virtuali) MBELE ya kuhamisha, bila vile inaweza kukatala kuwaka. Anzeni na mashini yenye haina maana sana, si ile ya kontabilite!! Na umeme wa hapa Goma munaujua, wekeni NUT, programu ya bure yenye inafanya onduleri (betri ya kushikilia umeme ukikatika) iambie serveri ijizime yenyewe mbele betri iishe.