Usirudi mdomoni, nakuomba

Ndugu, weka hiyo patasi chini kwanza. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Una gogo la mwembe lililolala mwaka mzima uani kwako Malindi, limeingia kuvu na kutoa mistari myeusi, tena lina mawimbi, nawe unataka kulikereza mtungi wa ukuta wa milimita 3 likiwa bado bichi. Umeuliza mafuta ya kupaka, mwendo wa mashine na pa kuuzia. Hayo yatangoja. Lakini pale mwishoni umeandika, kama jambo dogo, kwamba leo utaukomba mtungi ndani mpaka chini, kisha kesho asubuhi urudi kuupunguza mdomo. Chai yangu imepoa mbele yangu kwa sababu ya sentensi hiyo.

Usirudi mdomoni. Ukishapunguza mdomo ukashuka, umeshuka.

Mimi niko Lamu. Gogo langu lilitoka Mpeketoni kwa lori hadi Mokowe, likavuka kwa mashua, likapakiwa punda mpaka Langoni. Nilipolipasua nilikaa kimya. Mahali jeupe kama tui, mahali kahawia, na katikati mistari myeusi myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu ya mwanzi. Mistari ile ni mipaka: kuvu hii imekutana na ile, kila moja ikajizungushia boma lake. Mteja mmoja wa Shela alikiona kipande, akataka mitungi mitatu, akatoa arubuni ya shilingi 15,000 hapohapo.

Mtungi wa kwanza niliukomba kama unavyotaka kuukomba wako. Nje nikamaliza, ndani nikatoa nyama yote, yaani mti wote wa kukombwa, mpaka chini, tumbo likafika milimita 4, mdomo nikauacha kwenye 6 ili niupunguze mwisho. Alasiri stima ikakatika. Nikauacha mtungi uleule juu ya kerezo, mlango wazi, kusi inapita. Stima ilirudi baada ya isha, nami nikarudi na tamaa yangu ya kumaliza usiku ule.

Nilipogusa mdomo kwa chuma, ule mlio mmoja mrefu niliouzoea haukuja. Nikasikia tok-tok, tok-tok, mara mbili kila mzunguko. Mdomo ulikuwa umeshakuwa yai. Mti mbichi ukikauka haupungui sawasawa: upande unaozunguka shina hupungua karibu mara mbili ya upande unaotoka kiini kwenda gandani. Kwenye boriti nene hutaona lolote kwa saa chache. Kwenye ukuta wa milimita chache wenye upepo ndani na nje, saa hizo zinatosha kabisa. Chuma changu kilikuwa kinakula pande mbili zilizotokeza na kuziruka mbili zilizoingia. Nikajiambia nisukume kidogo, duara litarudi. Halirudi! Unachofanya ni kuzimaliza zile pande mbili mpaka zibaki karatasi, na chini yake hakuna nyama ya kuushika ukuta usitikisike, maana umeshaitoa mwenyewe. Chuma kikafika penye kuvu, pale palipolainika kama andazi lililolala, kikazama. Vipande viligonga boriti za dari. Kimoja kilinichana chini ya taya, na alama ninayo. Vaa ngao ya uso, ndugu, miwani peke yake haitoshi.

Hilo lilikuwa kosa la bei rahisi. Kosa la gharama ni kwamba niliilaumu kuvu. Nikasema sehemu ile ilikuwa imeoza mno, nikachagua kipande kigumu zaidi, nikafanya vilevile, nikapumzika kwa chakula cha mchana, nikarudi mdomoni. Wa pili ukapasuka. Wa tatu nao, kwenye kipande chenye mawimbi mazuri kuliko vyote. Gogo likaisha. Nikamrudishia mteja arubuni yake yote, na nauli ya lori, mashua na punda ikabaki juu yangu. Mti ule sijauona tena mfano wake.

Na kanuni ile sikuitunga mimi. Nilipewa na fundi mkubwa kwangu, mtu ninayemwamkia shikamoo mpaka leo. Aliniambia, "Toa nyama yote kwanza, kusawazisha ni baadaye." Alisema kwa uhakika wa mtu aliyekereza miguu ya samadari maisha yake yote, kwa mvule mkavu. Mguu wa kitanda umejaa mti mpaka ndani! Urudie leo, urudie mwakani, utaukuta umesimama palepale. Yeye hajawahi kukomba mtungi mbichi hata mmoja, na hakuniambia hivyo. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu akijua chake aseme ni cha kazi gani, asimpe kijana kanuni ya mguu wa kitanda akaipeleke kwenye mtungi. Video nazo zinanikera vilevile, zinakatwa vipande mpaka kazi ya saa sita inaonekana ya dakika kumi, nawe huoni kwamba yule mkereza hakuondoka mashineni wala hakugusa mdomo mara ya pili.

Sasa fanya hivi. Tia mdomo na shingo kwenye unene wako wa mwisho kabisa wakati tumbo lote chini bado limejaa nyama. Nyama ile ndiyo inayoshika ukuta usitetemeke. Pima, lainisha, ridhika. Kisha shuka sentimita 2 au 3, maliza hapo pia, shuka tena. Kupima, mimi hutumia waya mnene niliokunja, ncha moja ndani na nyingine nje, nikaacha pengo la unene ninaoutaka. Usitegemee kuweka taa ndani ya mtungi ili upime unene kwa mwanga unaopenya, si kwa mti huu. Mistari myeusi inazuia mwanga na sehemu zilizolika zinaupitisha, utadhani pazuri ni pabaya. Sikiliza pia. Ukuta ukiwa mwembamba mlio unabadilika, na ukibadilika ghafla simama.

Kabla ya yote hayo, pita na ukucha gogo zima. Ukucha ukizama, mwagia supaglu ile nyepesi kama maji, ikauke, na patasi inolewe upya. Ukucha ukichimba unga, kata sehemu hiyo, usiihurumie. Barakoa usivue hata wakati wa kufagia, vumbi la mti wenye kuvu si la kuingia kifuani.

Stima ikikatika katikati ya kazi, na itakatika, jaza mtungi maranda yake mabichi, ufunge mfuko wa plastiki mpaka shingoni kwenye kerezo, funga mlango. Ikirudi, endelea pale uliposimama, kushuka. Ukiona mdomo umepinda kidogo, uache umepinda. Mtungi wangu wa nne, wa gogo jingine, una mdomo wa namna hiyo, uko dirishani, na watu huushika wakauzungusha kuutafuta mwanzo wake.

Nijibu jambo moja kabla hujawasha mashine: hilo gogo ulilipasua kando ya kiini, au kiini bado kiko katikati? Kama kiko katikati, usianze. Piga picha ya kichwa cha gogo uitume hapa.