Moina kwanza, sindano baadaye

Ninyi mnaoanza kuzalisha vifaranga wa kambale, kuna jambo ningependa mlijue kabla hamjamgusa samaki mzazi. Msimu wangu wa kwanza nilimchoma jike sindano ya homoni ya kuivisha mayai jioni, alfajiri nikakamua mayai, na kesho yake vifaranga wakaanguliwa kwa maelfu. Nilifurahi sana. Ndipo nikaenda kuandaa tenki la moina, wale viroboto wadogo wa maji ambao vifaranga hula.

Nilikuwa nimeshachelewa. Maji yakiwa na nyuzijoto 27 au 28, tangu sindano hadi kifaranga amalize kiini cha yai alichozaliwa nacho ni takriban siku 4. Moina huchukua siku 5 hadi 10 tangu kupandwa mpaka wajae tenki. Vifaranga wangu walipoanza kutafuta chakula, sikuwa na kitu hai cha kuwapa. Nikawapa unga laini, ukaoza chini ya beseni, wengi wakafa. Tangu siku hiyo simchomi jike sindano mpaka nichote kikombe cha maji ya tenki na kuona moina wamejazana ndani yake.

Maji ya bomba yaache wazi siku 2 ili klorini itoke, kisha panda moina kama 25 kwa kila lita. Chakula chao ni maji ya kijani yaliyorutubishwa kwa samadi ya kuku, au hamira: kwa tenki la lita 1,000, gramu 20 hadi 30 zinatosha. Hapo ndipo wageni wengi huharibu, maana huona huruma na kuongeza. Hamira iliyozidi huoza na kumaliza hewa usiku, na asubuhi unakuta wote wamelala chini. Tazama maji kwanza: yakiwa angavu, lisha, yakiwa bado na ukungu, subiri.

Wakigeuka wekundu, ujue hewa imepungua. Lakini usitumie jiwe la hewa, kwa sababu viputo vidogo hunasa ndani ya gamba lao, wakaelea juu na kufa. Mpira mtupu unaotoa viputo vikubwa polepole ni salama zaidi.

Kuvuna nako ni kutunza. Kila asubuhi toa robo ya moina kwa kitambaa cha shela. Majike huzaa bila dume maadamu wana nafasi na chakula. Wakibanana na kukosa chakula, huanza kuzaa madume, kisha hutaga mayai magumu yanayolala, na tenki hupungua ghafla.

Na hata ukifanya yote hayo, iko siku tenki litakufa bila sababu unayoiona. Kwa hiyo weka ndoo 2 za moina wa mbegu mbali na tenki kubwa, zifunike kwa chandarua mbu na kereng'ende wasitage humo, na kila ndoo iwe na kikombe chake.